Gundi ya Majalada ya Santuri Isichaguliwe Ovyo

Wapo watakaoshangaa kuona safu hii leo inatumia nafasi yake kuzungumzia gundi. Wilaya za Tarime na Serengeti zina mambo makubwa ya kujadiliwa: maji, barabara, wizi wa mifugo, na mashamba yanayovamiwa na tembo. Hatulipuuzi hata moja kati ya hayo. Lakini liko jambo ambalo likiharibika halitengenezeki kwa bajeti ya mwaka ujao wala ya miaka kumi ijayo, nalo ni kumbukumbu ya muziki wetu iliyochapwa juu ya majalada ya santuri za zamani. Majalada hayo yanachakaa, na watu wenye nia njema wanayamaliza kwa gundi mbaya. Rai yetu ni moja: gundi inayofaa kwa jalada la santuri ni ile inayokubali kufunguliwa tena, na kwa mazingira yetu gundi hiyo ni ya wanga uliopikwa vizuri.

Hapana budi kwanza tueleze thamani ya jalada lenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu za dansi zilirekodi kwa wingi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini sauti hizo zilihifadhiwa katika kanda za redio. Bendi iliyotaka kazi yake iwe santuri ya kuuzwa dukani ilitegemea Nairobi, ambako ndiko viwanda na makampuni yalikokuwa. Hata marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi Januari 1979, aliacha sehemu kubwa ya santuri zake katika mikono ya makampuni ya Nairobi. Kwa hiyo santuri ya Mtanzania mara nyingi ilirudi nyumbani kama bidhaa ya kutoka nje, na maelezo yake yote yalikuwa yale tu yaliyochapwa juu ya lebo na jalada.

Kwa watu wa Tarime njia ya kurudia ilikuwa fupi. Sirari imo wilayani humo, na hatua chache ng'ambo ya mpaka ni Isebania. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka huo ulifungwa, nao haukufunguliwa rasmi tena hadi mwaka 1983. Katika miaka hiyo sita santuri mpya haikuwa kitu cha kuagizwa kwa urahisi, na aliyekuwa nayo aliitunza kama mboni ya jicho. Baadhi ya majalada tunayoyaona leo yameraruka kwa sababu hiyo hasa: santuri moja ilifanya kazi ya santuri tano, ikatolewa na kurudishwa jaladani usiku baada ya usiku.

Tumtaje mtu mmoja ili jambo lieleweke. Daniel Owino Misiani, ambaye wapenzi wa benga wa Kenya na Tanzania walimwita bingwa wa muziki huo, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mahali ambapo pamekuwa katika wilaya ya Rorya tangu ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Alivuka mpaka, akafanya kazi yake Kenya, na bendi yake akaipa jina la kwao: Shirati Jazz. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Kisumu mwezi Mei 2006. Nyimbo zake nyingi zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mwaka 1989 muziki wake ulitolewa Uingereza pia, na watu wasiojua neno moja la Kijaluo wakalisoma jina la Shirati juu ya jalada. Ni kijiji gani kingine cha ufukwe wetu kilichopelekwa mbali namna hiyo kwa karatasi na wino?

Na nguvu ya maandishi hayo haikuishia hapo. Mfanyabiashara wa muziki Phares Oluoch Kanindo wa Kenya alitoa santuri nyingi za benga na rumba, nyingine chini ya lebo iliyochapwa jina lake, nyingine chini ya lebo iliyoitwa Sungura. Santuri hizo zilifika hadi Zimbabwe. Wasikilizaji wa huko walisoma yaliyoandikwa, wakaanza kuuita muziki huo wa Afrika Mashariki kanindo. Na muziki wao wenyewe uliokua kutokana nao wakauita sungura, jina linalotumika mpaka leo. Taifa zima lilipata jina la muziki wake kutoka katika duara la karatasi lenye upana wa kiganja. Anayedhani kwamba karatasi za santuri ni takataka na alitafakari hilo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Santuri ndiyo mali, na jalada ndilo daftari. Humo mna jina la mtunzi, jina la bendi, namba ya toleo, jina la kampuni, na pengine picha ya wanamuziki ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mjane au mtoto wa mwanamuziki akitaka kudai haki hiyo ataulizwa ushahidi. Mahali ambapo mkataba haupo, na mara nyingi haupo, jina lililochapwa juu ya jalada huwa ndiyo hatua ya kwanza ya kulifuatilia dai. Jina hilo likifunikwa na doa la gundi, au likabanduka pamoja na utepe, familia imepoteza kitu ambacho ofisi yoyote haiwezi kumrudishia.

Sasa tutazame jinsi jalada linavyoharibika. Santuri kubwa hukaa katika jalada la kadibodi iliyokunjwa na kuunganishwa kwa gundi pembeni. Ukingo wa santuri hugonga kitako cha jalada kila inaporudishwa, mpaka mshono unaachia. Mgongo nao hukatika kwa kusuguana na majalada mengine. Santuri ndogo hukaa katika bahasha ya karatasi nyembamba yenye tundu katikati, na bahasha hiyo huraruka mdomoni na kwenye tundu. Aghalabu bahasha hiyo haina jina la mwimbaji, bali la kampuni au la duka; lakini wengi wa wenye santuri waliandika juu yake kwa kalamu jina lao, tarehe, na mji waliponunulia. Maandishi hayo ya mkono ni historia ambayo hakuna kiwanda kitakachoichapa mara ya pili.

Jalada likiachia, mtu hutafuta kitu cha kulishika, na hapo ndipo makosa yanapoingia. Kosa la kwanza na lililoenea kuliko yote ni selotepu. Inapatikana katika kila duka la vifaa vya shule, inashika papo hapo, na siku ya kwanza kazi inaonekana safi. Lakini gundi yake haikauki. Huendelea kuwa tepetepe, hasa nyumbani mwenye joto la bati, ikapenya ndani ya karatasi na kuacha doa la manjano linalogeuka kahawia. Baada ya miaka utepe wenyewe hukakamaa na kudondoka, doa likabaki. Ukijaribu kuubandua kabla haujadondoka, huondoka na ngozi ya karatasi pamoja na herufi zake. Selotepu ni mkopo wa siku moja unaolipwa kwa miaka yote.

Kosa la pili ni gundi ya mpira, ile inayotumiwa na mafundi viatu na wapiga viraka wa baiskeli. Ni gundi ya thamani katika kazi yake, kwa kuwa hupindika pamoja na soli na tairi. Katika karatasi, hata hivyo, huzeeka vibaya: hugeuka rangi, hupoteza mshiko, ikabaki unga wa kahawia katikati ya tabaka mbili zilizoachana. Zaidi ya hayo, dawa iliyomo ya kuiyeyusha huweza kuutibua wino, na mvuke wake si wa kufungiwa ndani ya jalada pamoja na santuri.

Kosa la tatu ni supagluu. Hiyo hukauka ngumu kama kioo, na karatasi si kitu cha kugandishwa kama kioo. Mahali ilipopita kadibodi haipindiki tena. Huvunjika kando ya mshono, na mpasuko mpya huwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Tone moja likiangukia mistari ya santuri, wimbo huo umekwisha. Mvuke wake nao huweza kuacha utando mweupe juu ya vitu vilivyo karibu. Tunashauri supagluu isikaribishwe kabisa penye santuri.

Hebu sasa tuiangalie kwa haki gundi nyeupe ya maseremala, maana hiyo ina watetezi wengi na hoja zao si za kipuuzi. Ni rahisi kutumia, haina harufu kali, hukauka bila rangi, na hushika kadibodi kwa nguvu. Kwa jalada ambalo toleo lake lipo kwa wingi na ambalo kazi yake ni kutumika kila wiki ukumbini, hatuoni ubaya wa kuipaka kidogo kwenye mshono. Lakini zipo kasoro mbili. Kwanza, baadhi ya aina zake hutoa asidi kadiri zinavyozeeka, na asidi ndiyo adui anayeifanya karatasi ikauke na kumeguka. Ipo aina isiyo na asidi inayotengenezwa kwa ajili ya wajalidi wa vitabu, ila hiyo sharti itafutwe kwa makusudi. Pili, gundi hii ikishakauka haifunguki kwa maji matupu. Fundi aliyekosea kupanga mshono hawezi kurudi nyuma, na fundi atakayekuja baada ya miaka 30 akiwa na ujuzi bora kuliko wetu atakuta mlango umefungwa.

Hapo ndipo ilipo sheria kuu ya wahifadhi wa karatasi duniani kote: usifanye jambo ambalo mwingine hataweza kulitengua. Anayetengeneza jalada la kale hajui yote, wala hapaswi kujifanya anajua. Pengine kesho litahitaji kufunguliwa ili lipigwe picha, au kusomwa maandishi yaliyofichika ndani ya mkunjo. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya gundi njema ni kukubali kuachia inapoombwa kwa upole, na nguvu ya kushika huja baada ya hapo. Mshono wa gundi, katika mizani hii, uwe dhaifu kidogo kuliko karatasi yenyewe, ili siku ukivutwa iachie gundi na karatasi isalimike.

Gundi ya wanga ina sifa hiyo. Maktaba na hifadhi kubwa za dunia hutumia wanga wa ngano uliosafishwa. Kwetu muhogo unatoa wanga mzuri bila kuagiza chochote kutoka nje. Tunasema wanga, wala si unga. Unga wa udaga tunaousonga ugali una nyuzinyuzi, na kwa kuwa muhogo wake umevundikwa, una uchachu ambao karatasi haiutaki. Wanga hupatikana kwa kukwaruza muhogo mbichi, kuukoroga katika maji mengi, kuyachuja kwa kitambaa safi, na kuyaacha yatulie mpaka weupe uzame chini. Maji ya juu humwagwa, mengine safi hutiwa, na kazi hurudiwa mara mbili au tatu. Kinachobaki huanikwa mahali pasipo vumbi.

Kuipika si kazi ngumu. Sehemu moja ya wanga hulowekwa katika sehemu tano za maji safi, kisha huwekwa juu ya moto mdogo na kukorogwa bila kuacha, mpaka weupe wa maziwa ugeuke ute mzito unaopenyesha mwanga. Ukipoa huchujwa kwa kitambaa ili mabonge yatoke, na huongezwa maji kidogo kidogo mpaka uteleze vizuri chini ya brashi. Usitiwe chumvi wala sukari. Wazee wengine walizoea kutia mrututu katika gundi ili kufukuza wadudu. Mrututu ni sumu na huacha rangi, usitiwe. Gundi hii hudumu siku chache tu, na ikianza kunuka au kuwa majimaji itupwe na kupikwa nyingine. Mtu asione uchungu; gharama yake ni kipande cha muhogo.

Na iko gundi ya mti, utomvu unaotoka katika baadhi ya migunga ya mbuga zetu. Watu wa Serengeti wanaufahamu, na viwanda vya dunia vilitumia utomvu wa namna hiyo kwa stempu na bahasha. Huyeyuka kwa maji, na kwa hilo tunausifu. Lakini ukikauka sana katika kiangazi hupasuka, na wakati wa masika hunyonya unyevu hewani ukarudi kunata, majalada yakashikamana yenyewe kwa yenyewe. Kwa bahasha ya barua itakayofunguliwa kesho unafaa. Kwa jalada la kukaa miaka mingi haufai.

Hatutatenda haki tusipotaja kasoro za wanga. Mende huupenda, na vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokula vitabu huupenda zaidi. Ukibaki na unyevu huota ukungu. Maji yaliyomo huifanya kadibodi ijikunje isipogandamizwa. Hapa tunazungumza hasa na wasomaji wetu wa visiwani. Kivuko cha Kisorya na Rugezi kimeiunganisha Mara na Ukerewe kiasi kwamba muziki uliochezwa upande mmoja ulisikika upande wa pili, na santuri zilisafiri pamoja na wenyewe. Lakini hewa ya Ukerewe, ya Ukara na ya Rukuba si hewa ya Mugumu. Karibu na maji karatasi haikauki sawasawa miezi mingi ya mwaka, na jalada lililopakwa wanga mzito likarudishwa kabatini kabla ya wakati litakuwa shamba la ukungu.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaujua mtihani huo kwa miaka mingi zaidi. Siti binti Saad na wenzake walirekodi taarabu huko Bombay kuanzia mwaka 1928, na santuri za zama hizo, zilizotengenezwa kwa shelaki na si kwa plastiki, zilikaa katika chumvi ya hewa ya bahari. Tuongeze hapa onyo: spiriti huyeyusha shelaki, basi mwenye santuri ya kale namna hiyo asithubutu kuisafisha kwa spiriti, wala kutumia gundi yenye spiriti karibu nayo.

Kwa visiwani, basi, ushauri wetu ni wa aina mbili. Atakayetumia wanga aupake mwembamba sana, afanye kazi hiyo katika siku za jua, na aliache jalada siku kadhaa zaidi kabla ya kulirudisha. Na penye uwezo wa kuagiza, ipo gundi ya unga iitwayo selulosi ya methili, inayochanganywa na maji baridi bila kupikwa. Mshiko wake ni hafifu kuliko wa wanga, lakini wadudu hawaitamani, na hufunguka kwa maji vilevile. Kwa bahasha nyembamba za santuri ndogo inatosha kabisa.

Namna ya kufanya kazi ina uzito sawa na gundi yenyewe. Santuri itolewe kwanza na kuwekwa mbali, imesimama wima ndani ya bahasha nyingine safi. Vumbi lipanguswe kwa brashi kavu. Wino ujaribiwe kwa pamba yenye unyevu kidogo kwenye kona isiyoonekana. Ukitoka rangi, maji yasipite hapo. Mshono ulioachia na urudishwe mahali pake kwa gundi kidogo inayopakwa kwa ncha ya brashi. Palipokatika kabisa pasipigwe kiraka kwa nje juu ya picha na maandishi. Kichukuliwe kipande cha karatasi nyembamba na imara, kipakwe gundi, kibandikwe kwa ndani. Kisha uwekwe unyoya wa plastiki safi ndani ya jalada ili pande mbili zisigandane, lifunikwe kwa karatasi inayofyonza maji, ligandamizwe kwa ubao na jiwe, na liachwe walau siku mbili. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii msemo huo ni sheria ya ufundi.

Baada ya kusema na wananchi, sasa tunageuka kwa viongozi. Halmashauri za Tarime na za Serengeti zina maofisa utamaduni. Hatuwaombi majengo. Tunawaomba mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wao. La kwanza, waandike orodha ya watu wenye santuri za zamani katika wilaya zao, kwa hiari ya wenyewe na bila kumnyang'anya mtu mali yake. Mwananchi akishuku kwamba orodha ni njia ya kuchukuliwa vitu vyake, ataficha kila kitu chini ya kitanda, na mchwa watamaliza kazi.

La pili, kila jalada na kila lebo ipigwe picha pande zote kabla ya tone la gundi kuigusa. Siku hizi kazi hiyo inafanywa kwa simu ya mkononi. Picha si badala ya jalada, lakini jalada likipotea picha itakuwa shahidi, na nakala yake inaweza kupelekwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania na kwa familia za wanamuziki.

La tatu, shule, maktaba na ofisi za umma ziache mazoea ya kununua selotepu kwa ajili ya kutengenezea nyaraka. Jambo hili linavuka mipaka ya santuri. Rejista za shule, daftari za mabaraza ya kijiji na hati za ardhi hutengenezwa kwa utepe uleule na huharibika kwa doa lilelile. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 imeweka wajibu wa kuzitunza nyaraka za umma. Ofisa anayebandika selotepu juu ya hati ya umma anadhani anatekeleza wajibu huo, kumbe anauvunja polepole.

La nne, yafanyike mafunzo mafupi ya siku mbili kwa wakutubi na walimu wachache wa kila wilaya juu ya gundi ya wanga na ukarabati wa karatasi. Mkoa wetu una Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, na pangekuwa mahali pa heshima pa kufanyia mafunzo hayo. Wakirudi kwao, walimu hao watawafundisha wanafunzi, na mwanafunzi aliyejifunza kupika wanga kwa ajili ya daftari lake ataweza kuliokoa jalada la babu yake.

Yako mapingamizi mawili tunayotarajia. Wa kwanza atasema: nyimbo zote sasa zimo katika intaneti, karatasi za nini? Tunamjibu kwamba sauti kweli zimo nyingi, lakini husafiri mara nyingi bila jina la mtunzi, au kwa jina la mtu mwingine, au kwa jina la bendi lililokosewa. Anayetaka kusahihisha hurudi palepale: kwenye lebo na jalada. Intaneti inabeba wimbo, lakini haiwezi kubeba jina ambalo hakuna aliyelisoma.

Wa pili atasema: huu ni ushughulikaji wa mambo ya anasa wakati wananchi wana shida. Tunamkumbusha kwamba kuchagua gundi njema hakugharimu zaidi ya kuchagua gundi mbaya. Mara nyingi kunagharimu kidogo zaidi ya hapo chini. Wanga ni rahisi kuliko selotepu. Kinachohitajika ni maarifa na subira, navyo haviombewi fedha kwa wafadhili. Tena hakuna shida hata moja ya wananchi itakayopungua kwa kuacha jina la mwanamuziki wetu lioze.

Wazee waliocheza kwa santuri hizo wanazidi kupungua. Baada yao hatakuwapo wa kutuambia nani alipiga gitaa, nani aliimba, na santuri ilinunuliwa Kisumu au Musoma, isipokuwa karatasi tutakazokuwa tumezitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa jalada la santuri hakuna ukuta wa kujenga upya, kwa sababu kiwanda kilichochapa hakipo na aliyeandika kwa kalamu amekwenda. Tunawahimiza wananchi wa Tarime, wa Serengeti na wa visiwani waweke kando selotepu na supagluu, wapike wanga, na wafanye kazi taratibu. Na tunawataka maofisa wahusika waanze na orodha mwaka huu huu.